Wanawake Walioniachia Watoto Wao Langoni

Jumamosi iliyopita nilimkabidhi Zuhura nyumba ya watoto, nikarudi kwangu na mkeka wangu kwapani. Magoti yamekataa kuinama, na kazi hii yote hufanywa chini: mtoto yuko chini, chakula kiko chini, herufi ziko chini. Mwenye magoti mabovu na atafute kazi ya juu, kama kuadhini, lakini hiyo wanawake hatupewi.

Zuhura ndiye aliyenitaka niandike. Aliniambia, "Bi Subira, wewe ukishakaa kwako utasahau, na sisi tutabaki kubahatisha." Basi naandika kwa ajili yake, na kwa wanawake watatu walio naye, na kwa wale watakaokuja baada yao. Nilichopewa kwa kazi hii, samaki, nazi, kibaba cha mtama, nilikila na kikaisha, kwa hivyo sitakitaja tena. Nitayataja yaliyobaki.

Nilizaliwa katika nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wa matajiri. Mama yangu alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na mimi vilevile. Nilipofika umri wa kuweza kumbeba mtoto, niliwekwa chini ya Mama Tausi, yaya aliyekuwa amewalea vizazi viwili vya nyumba hiyo. Siku ya kwanza hakunipa mtoto. Alinipa boga, akalifunga kwa kitambaa, akaniwekea nyongani.

"Shinda nalo," akasema. "Ukifagia, unalo. Ukipanda ngazi, unalo. Likipata hata alama moya, nitaiona."

Nilishinda nalo siku tatu. Siku ya nne alilikagua, akalizungusha mbele ya mwanga wa dirisha, akalipika. Kesho yake nikapewa mtoto wa kweli. Tangu hapo kila mwanamke aliyekuja kunisaidia nimempa boga kwanza, na wawili walioona wamedhihakiwa waliondoka. Sikuwafuata.

Mama Tausi hakuwa mtu wa maneno mengi, na mengi ya maneno yake yalikuwa ya kunikaripia. Lakini alinifundisha kwamba mtoto akilia usikimbilie kumnyamazisha. Mtazame tumbo kwanza, kisha masikio, kisha kitu gani kimebadilika tangu alipokuwa akicheka. Alinifundisha kuosha mikono kabla ya kumshika mtoto, si baada yake tu. Alinifundisha kwamba mtoto anayeachwa na mama yake asipewe leso safi ya kulalia. Apewe ile ile aliyoivaa mama jana, haijafuliwa, yenye jasho na moshi wa jiko. Atailalia kana kwamba mama yumo ndani. Hilo peke yake limenipa mchana mwingi wa kimya.

Herufi nilizipata kwa mlango mwingine. Mwenye nyumba, Bi Mwanaamina, aliwasomesha binti zake mwenyewe orofani, kama ilivyo kawaida ya nyumba zile. Binti mdogo, Rukia, alikuwa bado wa kubebwa, na mbebaji wake nilikuwa mimi. Nilikaa karibu na mlango nikimpakata, na kila lililoandikwa ubaoni lilinifikia. Siku moja dada mkubwa alikwama katikati ya aya. Nikaimalizia, bila kufikiri.

"Nani amekufunza wewe?" Bi Mwanaamina akauliza.

"Ni wewe, Bibi."

Nilijua kwamba naweza kupigwa, na mtoto alijua pia, maana alianza kulia. Kisha Bi Mwanaamina akasema, "Basi ndoo hapa, ukae mbele. Sipendi kunyemelewa."

Nikakaa mbele miaka minne. Sijui kama alikuwa mwema au alichoka tu kuniona mlangoni. Matokeo yalikuwa yale yale.

Kisha serikali ikatangaza kwamba utumwa umekwisha katika nti yote ya pwani. Nyumba nyingi za Mkomani zilikaa kimya siku ile kama nyumba zenye maiti. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na Mama Tausi pia. Nilimuaga Bi Mwanaamina, nikamuaga Rukia, aliyekuwa sasa msichana mkubwa na aliyegeuza uso ukutani asinitazame, nikateremka kwenda Langoni, mtaa wa mafukara. Nilipata kibanda cha makuti chenye chumba kimoja na ua. Nilisuka mikeka. Niliapa kwamba sitashika tena mtoto wa mtu maishani mwangu.

Kiapo hicho kilidumu kuanzia kiangazi hadi mvua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke aitwaye Faida. Naye alikuwa ametoka utumwani, na mumewe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, akapotelea huko. Kila alfajiri Faida alivuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, pamoja na wanawake wengine, kupalilia na kuvuna ufuta, na kurudi alasiri. Alikuwa na binti wa miaka minne, Kibibi. Nilijua kwamba mtoto yupo, lakini sikuwahi kumwona njiani akicheza na wenzake. Watu wa mtaa walisema ni bubu na ni mtukutu.

Asubuhi moja nilisikia sauti kupitia ukuta wa udongo. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mlio wa paka aliyenaswa. Nilivumilia. Nilisuka ukili mzima nikivumilia. Mwishowe nikainuka, nikausukuma mlango wa Faida.

Mtoto alikuwa amefungwa kwenye tendegu la kitanda kwa kipande cha leso, kifundoni mwa mguu. Mbele yake palikuwa na kata ya maji na kipande cha muhogo. Kifundo kilikuwa kimechubuka kwa kuvutwavutwa. Alinitazama, akaacha kulia, akanionyesha fundo kwa kidole, kama mtu mzima anayemwonyesha fundi mahali palipoharibika.

Nikalifungua. Nikampeleka kwangu, nikamwosha, nikampa uji.

Faida aliporudi na kukuta leso tupu, mtaa mzima ulimsikia. Alivamia ua wangu akiwa bado na jembe mkononi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amelala. Teremsha jembe."

"Nani alikutuma uingie kwangu?"

"Nani alikutuma umfunge kama mbuzi?"

Hapo aliketi chini ghafla, palepale mchangani, na jembe likamwanguka. "Nisipokwenda Mokowe hatuli," akasema. "Nilikwenda naye mara moya. Nilipoinua kitwa alikuwa ndani ya mai hadi shingoni. Nikamwita, nikamwita, wala hakugeuka. Mtoto huyu hasikii neno. Nimempiga, nimemwomba. Wewe uliyelea watoto wa watu, niambie, ningefanyaje?"

Nilichokuwa nacho ni ua wenye ukuta, mikono miwili, na miaka mingi ya Mama Tausi kitwani mwangu.

"Kesho mlete kwangu," nikasema. "Na leso uliyoivaa leo usiifue."

Msidhani nilitaka. Nilikwenda ndani nikajilaumu hadi Magharibi. Lakini kesho yake Faida alimleta Kibibi, na Jumatatu mwanamke aliyebeba mawe ya chokaa akaleta watoto wake pacha, na kabla ya mwezi kuandama walikuwa tisa. Wanawake walikuwa wakiwafunga watoto, au wakiwaacha kwa bibi vipofu, au wakiwabeba mgongoni kwenye moshi wa tanuu la chokaa. Hapo kale mtoto wa mtumwa alilelewa uani mwa bwana huku mama akifanya kazi ya bwana. Sasa mama alifanya kazi yake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amefikiri mtoto atakaa wapi. Chuo cha Kurani kilipokea watoto waliokwisha kupata akili ya kukaa kitako. Wadogo hawakuwa na mahali popote.

Nieleze vyombo, maana Zuhura amesisitiza. Mtungi wa maji wenye mfuniko mzito, usioweza kuinuliwa na mtoto. Vifuu vya nazi vya kunywea, kimoja kwa kila mtoto, kila kimoja na alama yake, maana mafua hupita kwa kifuu kuliko kwa upepo. Mikeka niliyosuka mwenyewe. Kauri za kuhesabia, kubwa tu, ndogo humezwa, na nawaomba mniamini bila kujaribu. Na sinia pana la shaba lililotoboka, nililolipata bure kwa sababu halifai kwa wali. Nililitandika kitambaa, nikalijaza mchanga mwororo wa ufuko wa Shela, uliochekechwa mara mbili. Hilo ndilo lilikuwa ubao wetu. Mtoto huandika kwa kidole, akikosea unatikisa sinia, na kosa limekwenda. Ubao wa wino humkumbusha mtoto makosa yake. Mchanga hausemi.

Sikuanza na herufi. Nilianza na kungoja zamu, kula kwa mkono wa kulia, na kusema jina lako na la mama yako, ili ukipotea urudishwe. Herufi zilikuja baadaye, mbili kwa juma.

Kibibi hakusema jina lake wala la mama yake. Hakuja alipoitwa. Alikuwa mpole alipokuwa karibu nami, lakini mgongo ukigeuka hakuna neno lililomfikia. Nami, ninayejidai kwamba najua watoto, nilikubaliana na mtaa: mtoto mkaidi. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii, nami naliandika kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mchana mmoja nilikuwa nikimimina uji. Pacha mmoja aliangusha kifuu, nikageuka kumfuta. Nilipohesabu vichwa, kilipungua kimoja, cha Kibibi. Mlango wa ua ulikuwa wazi kiasi cha kiganja.

Nilimwita jirani wa upande wa pili awashike wengine, nikatoka mbio bila ushungi. Nilikwenda ufukweni kwanza, nikikumbuka habari ya Mokowe. Hayuko. Nikarudi kwa ndia ya nyuma, kwenye matanuu ya chokaa. Wanaume wawili walikuwa wamemaliza kupanga magogo duara, matumbawe juu yake, na katikati wameacha shimo la kutilia moto. Mmoja alikuwa ameshika mwenge wa makuti unaowaka.

"Mmeona mtoto?"

"Hapana mtoto hapa, Bi."

Sijui kilichonifanya nipande juu ya yale magogo. Nilichungulia shimoni. Kibibi alikuwa amekaa chini, amenipa mgongo, anapanga vipande vya kombe kwenye mstari.

Niliita jina lake kwa sauti yangu yote. Hata bega halikutikisika. Nikaita tena, na yule mwanamume naye akaita, sauti ya mvuta nanga. Mtoto aliongeza kombe jingine kwenye mstari wake. Ndipo mwenziwe, kwa hofu, akadondosha gogo chini, na ardhi ikatetema. Kibibi akageuka mara moja. Akaniona. Akacheka, akanyoosha mikono.

Nilimtoa nikakaa naye chini. Nilipiga mguu wangu ardhini nyuma yake. Akageuka. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Kimya. Nikajua. Si mkaidi, na hakuwahi kuwa mkaidi. Ulimwengu ulikuwa haumfikii ila kwa miguu inayohisi na mato yanayoona.

Faida aliporudi sikungoja aulize. Nilimwambia yote: kwamba nilimpoteza mwanawe, mahali nilipomkuta, na moto uliokuwa mkononi mwa mtu. Nilimwambia kama anataka kumchukua asirudi tena, nitaelewa. Kisha nikamwambia habari ya masikio.

Faida akamgeuza mtoto, akamshika uso kwa mikono miwili. "Hasikii," akasema. "Hakuwa akinidharau. Hasikii." Alilia jinsi nisivyowahi kuona mtu akilia, na Kibibi akamfuta machozi kwa kiganja kilichojaa mchanga, na uso wa Faida ukawa tope tupu.

"Nimempiga, Subira," alisema. "Nimempiga kwa kutosikia."

"Na mimi nimemkaripia. Tuanze upya sote wawili."

Kesho yake alimleta kama kawaida. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu alfajiri nikiwa na hakika kwamba hatakuja.

Tangu siku ile mambo mawili yalibadilika. La kwanza, sikukaa tena peke yangu na watoto. Zuhura alikuwa kati ya wanawake wa Mokowe, mwenye mikono myepesi na jicho kali. Nilimwambia abaki nami, na wenzake wa mashua wakakubali kumpa sehemu ya walichopata, maana alikuwa akiwalindia watoto wao. Nikampa boga. Alilirudisha bila mchubuko, amelichora mato na pua kwa makaa. La pili, tulihesabu vichwa kila tulipobadilisha shughuli, kwa sauti, na watoto wakahesabu pamoja nasi. Hivyo wakajua hesabu kabla ya kujua kwamba wanafundishwa.

Kwa Kibibi nilibuni mikono. Alifu ni kidole kimoja kilichosimama. Be ni kiganja kilichokunjwa kama mashua, na kidole cha mkono wa pili chini yake kikiwa ndiyo nukta. Te, vidole viwili juu ya mashua ile ile. Kila herufi ikapata mkono wake. Nilidhani nitamfundisha yeye peke yake, lakini watoto wengine walipoona hawakukubali kuachwa nje. Katika miezi michache ua mzima ulikuwa ukisoma kwa vidole, na Kibibi, aliyeanza wa mwisho, akawa wa mbele. Macho yake yalifanya kazi ya macho na masikio. Alijua herufi niliyoandika kabla sijaondoa kidole mchangani.

Watoto wakubwa wakafika umri wa chuo, na hapo ndipo vita vilipokuja.

Mwalimu wa chuo kilichokuwa karibu, Mwalimu Athmani, alikuwa mtu wa Pate, mchamungu na mkavu kama ubao wake. Nilimpelekea wanne, mama zao wakinifuata nyuma. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba hana nafasi kwa watoto wa Langoni.

"Nafasi iko, Mwalimu," nikasema. "Naona mkeka mtupu."

"Bi Subira, wazazi wa watoto hawa wangu watasema nini? Na hawa wako hawana msingi wowote. Nianze kuwafunza kukaa? Wanashinda uani wakicheza mchanga. Nimewaona nikipita. Wanachezesha vidole kama wachawi."

Mmoja wa akina mama alianza kurudi nyuma. Nilimshika mkono. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambayo hasira ilivaliwa ndani kama kanzu ya chini.

"Ndoo uwatazame, Mwalimu," nikamwambia. "Ndoo kesho asubuhi. Ukiona wachawi, nitafunga mlango mwenyewe."

Alikuja. Sikumtazamia, lakini alikuja, na wanafunzi wake wawili wakubwa nyuma yake. Habari zilikwisha kuenea, na kwa mara ya kwanza mashua ya Mokowe iliondoka pungufu: Faida na wenzake walibaki, wamejipanga ukutani.

Watoto walisoma herufi kwa sauti, na vidole vikienda pamoja na sauti. Mwalimu alitazama, uso haukuonyesha kitu. Aliwauliza hapa na pale. Walijibu. Kisha akamwonyesha kidole Kibibi, ambaye hakuwa akifungua kinywa.

"Na huyu?"

"Huyo hasikii, Mwalimu. Lakini anasoma."

"Asiyesikia atasomaje?"

"Muulize kwa mkono wako."

Alivuta sinia, akaandika herufi zote kwa haraka, mwandiko mzuri wa mtu aliyeandika misahafu. Alipomaliza akamwashiria Kibibi azisome. Kibibi aliinama. Alipitisha kidole juu ya mstari bila kugusa mchanga, polepole, akafika karibu na mwisho, akasimama. Akarudi nyuma. Akakunja uso.

Kisha Kibibi akamtazama Mwalimu Athmani machoni, akatikisa kichwa kumkatalia, akachomeka kidole kati ya ghaini na qafu, na akaandika fe. Mwalimu alikuwa ameiruka.

Mpaka leo hakuna ajuaye kama aliiruka kwa makusudi. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akatabasamu, akaniuliza habari za magoti yangu. Lakini siku ile, katika ua ule, alilitazama lile sinia, kisha akacheka. Watu wa mtaa wote walimjua, na hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Akawageukia wanafunzi wake wawili.

"Nyinyi mliona?"

Hawakuwa wameona.

"Waje Jumamosi," akaniambia. "Wote wanne, na huyu wa tano. Na wewe Bi Subira uje naye siku za mwanzo, unifunze hiyo mikono."

Wanawake walipiga vigelegele hata wavuvi wa Shela wakadhani kuna arusi. Faida hakupiga. Alikuwa ameketi chini, mwanawe mapajani, akijaribu kukunja kiganja chake kama mashua, na Kibibi akimrekebisha.

Baada ya hapo ua wangu haukutosha. Watoto walilala zamu kwa zamu. Ndipo akaja mgeni nisiyemtazamia. Mwanamke aliyevaa buibui alisimama mlangoni na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, akafunua uso. Alikuwa Rukia. Mama yake alikuwa amefariki, mumewe amemwacha, na alikuwa akiishi kwa kushona kofia na kuwasomesha wasichana katika nyumba za watu. Hakuwa na wa kumwachia mwanawe.

"Uliniacha," ndilo neno lake la kwanza.

"Niliachwa huru, Bi Rukia. Si kitu kimoja."

Alitazama chini. "Najua sasa. Sikujua wakati ule." Kisha akasema, "Nakuomba unilelee huyu."

"Nitamlea. Atakaa mkeka mmoja na wenzake, atakula sinia moja nao, na zamu yake ikifika ya kufagia, atafagia. Kama ndugu zako watasema neno, wewe ndiwe utakayewajibu, si mimi."

"Nitawajibu," alisema, na aliwajibu kweli, kwa maneno ambayo sikumfundisha mimi.

Miezi michache baadaye alikuja na habari. Katika urithi wake lilikuwamo gofu, nyumba ya mawe iliyoporomoka, mahali Langoni inapokutana na Mkomani. Ndugu zake walilidharau. Akaliweka wakfu kwa watoto, mbele ya kadhi, na mashahidi.

Gofu halina paa, na fundi hali hewa. Lakini nani Langoni aliyekuwa akibeba mawe? Wale wale wanawake walioniachia watoto. Walikuwa wamejenga nusu ya mji huu kwa vichwa vyao na hakuna ukuta uliokuwa wao. Kila Ijumaa baada ya swala walikuja, mawe vichwani, wakiimba. Wale wa tanuu walileta chokaa. Wale wa Mokowe walileta boriti kwa mashua yao. Mwalimu Athmani alileta wanafunzi wake wakatoa kifusi, na alisimama katikati ya vumbi na kanzu yake nyeupe akiwaambia wafanye haraka. Fundi alipoona akina mama wanapanga mawe vizuri kuliko vijana wake, alisema kwamba yeye atabaki kuangalia tu, na kwa kweli hakufanya zaidi ya hapo.

Siku ya kufungua, Bi Rukia alinishika mkono mbele ya watu wote, watu wa Mkomani na wa Langoni, akanipitisha mlango wa mbele mimi kwanza. Sikuwahi kupita mlango wa mbele wa nyumba ya mawe kabla ya siku ile. Niliingia kwa mguu wa kulia, nikasema bismillahi, na watoto wakanipita chini ya mikono wakikimbilia kuchagua mahali pao.

Wengi wao sasa ni watu wazima. Mmoja wa wale pacha ni fundi wa milango. Mtoto wa Rukia anafagia vizuri kuliko dada yeyote mjini. Na Kibibi ni mmoja wa hao watatu walio na Zuhura. Hasikii mtoto akilia, na kwa sababu hiyo humwona anayetaka kulia kabla hajafungua kinywa. Mwenye shaka na akakae naye siku moja, atajifunza zaidi ya haya niliyoyaandika.

Nina ushauri mmoja kwenu, kisha niache kalamu. Mama anapokuja asubuhi amechelewa, na mtoto hajaoshwa uso, msimtazame mama kwa jicho la lawama. Mpokeeni mtoto kwa mikono miwili, mwambieni mama, "Nenda, yuko kwetu." Nimewaona wanawake wakitembea kwa namna nyingine kabisa baada ya maneno hayo. Wanakwenda wakiwa wameinua vichwa.

Jumapili, siku yangu ya kwanza bila kazi, niliketi barazani kwangu na kahawa. Ninakaa nyumba ya nne kutoka kwao, na nasikia kila kitu. Mtoto akaanza kulia, kilio cha tumbo, nilikijua hapo hapo. Nikainuka nusu, mkono ukitafuta viatu. Kabla sijapata cha pili, kilio kikakatika, na mtu akacheka, na hesabu ya vichwa ikaanza kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nilisikiliza hadi mwisho. Walitimia.

Nikaketi. Kahawa ilikuwa bado ya moto, nikainywa yote.